Kipimo cha 22

Jioni moja ya Novemba, nikiwa na miaka 24, nilipotea ndani ya muziki niliokuwa nimeupiga karibu kila siku kwa miezi saba. Ulikuwa ukumbi wa usharika katika mji mdogo wa Saksonia, mashariki mwa Ujerumani. Watu kama 80 walikaa kwenye viti vya mbao, makoti yakiwa mapajani, maana nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilivaa gauni jeusi aliloniletea shangazi kutoka Moshi. Alilishona mwenyewe na kuyaachia mabega nafasi ili mikono isibanwe. Nikasogeza kiti, nikapangusa viganja, nikaanza.

Nilianza na Preludi na Fuga katika C maina, ngazi ya sauti yenye huzuni, ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach, ya pili katika kile kitabu chake cha mwaka 1722 chenye preludi na fuga 24. Preludi, kipande cha kutangulia, ilikwenda vizuri. Fuga nayo ilianza vizuri.

Naomba nieleze kidogo fuga ni nini, vinginevyo kilichonipata hakitaeleweka. Sauti moja inaanza peke yake na wimbo mfupi. Ikimaliza, sauti ya pili inaingia na wimbo uleule kutoka ngazi nyingine, huku ya kwanza ikiendelea na mambo yake. Kisha inaingia ya tatu. Kuanzia hapo wimbo ule unatokea mara juu, mara katikati, mara chini, na sauti zote zina haki sawa. Fuga hii ina sauti 3 na vipimo 31. Kipimo ni ile nafasi kati ya mstari mmoja wa wima na mwingine kwenye karatasi ya nota. Mpiga piano ana mikono miwili tu, kwa hiyo sauti ya katikati inabebwa mara na mkono wa kulia, mara na wa kushoto, kama mtoto anayepokezanwa na mama na shangazi.

Sauti zote zikishaingia, kwenye kipimo cha 9 kuna kipande cha kupitia. Besi inateremka mbiombio, sauti mbili za juu zinajibizana, na muziki unatoka kwenye giza la C maina hadi kwenye mwanga wa E fleti meja. Unafika huko kipimo cha 11. Sasa, kwenye kipimo cha 22 kipande kile kinarudi. Kinaanza vilevile, besi inateremka vilevile, sauti za juu zinajibizana vilevile. Ila safari hii hakiendi kwenye mwanga. Kinageuka, kinabaki C maina, na kukupeleka mwisho.

Mikono yangu ilifika kipimo cha 22 ikashika njia ya kipimo cha 9. Nikajikuta kipimo cha 11. Nilijua mara moja kwamba nimeshapapita, lakini mikono haikusimama, ilikuwa na kasi yake. Nikazunguka tena, nikafika tena kipimo cha 22, nikasema moyoni: sasa geuka. Nigeukie wapi? Sikujua. Mikono ikanirudisha kipimo cha 11 mara ya pili.

Waliokulia Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro, kama mimi wanavijua vile vinjia vya katikati ya migomba, kihamba hadi kihamba, yaani shamba la nyumba hii hadi la nyumba ile. Jioni ukungu ukishuka, migomba yote ni mamoja, mfereji unausikia kila upande, na unaweza kupita mbele ya zizi lilelile la ng'ombe mara mbili ukidhani unakwenda nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa. Mara ya tatu niliinua mikono. Ukumbi ulinyamaza, nikasikia maji ya moto yakipita kwenye mabomba ya kupashia joto. Kisha nikaviruka vipimo vyote vilivyobaki, nikapiga vitatu vya mwisho, nikasimama, nikainama. Watu walipiga makofi. Nilikuwa bado na dakika 40 za muziki mbele yangu. Nilizipiga zote, na hadi leo sikumbuki hata nota moja ya dakika zile.

*

Piano sikuzaliwa nayo. Kanisani kwetu kulikuwa na kinanda cha kukanyaga. Miguu inasukuma upepo, vidole vinachagua sauti, na miguu ikichoka wimbo unakata roho katikati ya ubeti. Aliyekuwa akikipiga ni mwalimu wa kwaya, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hata baada ya kustaafu aliendelea kutembea na chaki kwenye mfuko wa koti. Nilianza kukaa karibu naye nikiwa na miaka 8. Nilikuwa namfungulia kitabu cha nyimbo, baadaye akaniachia sauti ya kwanza nipige kwa mkono mmoja huku yeye akipiga tatu zilizobaki.

Nota za mistari mitano alizijua, lakini kwaya aliifundisha kwa do re mi. Anayejua kwaya zetu hahitaji kuelezwa: ubao mweusi, herufi d r m f s l t, nukta mbili kutenganisha mapigo, kistari kwa sauti ya kuvuta. Mtindo huu ulienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, wamisionari wakausambaza duniani, na kwaya za Afrika Mashariki zikaufanya wao kabisa. Uzuri wake ni kwamba do haikai mahali pamoja. Ukipandisha wimbo do inapanda nao, ukiushusha inashuka nao. Muimbaji hajali nota inaitwaje. Anajali inakaaje kwa jirani zake: ipi iko nyumbani, ipi inataka kurudi nyumbani.

Kulikuwa na jambo moja alilolifanya mwalimu ambalo watoto tulilichukia. Tukishaimba wimbo vizuri mara mbili, alichukua kitambaa kibichi akafuta ubao wote. Halafu anaketi, anaangalia dirishani, anasema: "Sauti ya pili, peke yenu, kuanzia mstari wa tatu." Hapo ndipo ilipojulikana nani alikuwa anaimba na nani alikuwa ananing'inia kwenye sauti ya mwenzake. Watu wazima walitoka jasho. Mama yangu aliimba sauti ya pili, na nilimwona zaidi ya mara moja akifumba macho kama anayetafuta kitu kabatini gizani.

Piano ya kwanza niliyoigusa ilikuwa katika nyumba ya zamani ya misheni. Nyuzi zilikuwa na kutu, panya walikuwa wamekula sufu ya nyundo kadhaa, na wakati wa masika vibao vilivimba vikakataa kupanda baada ya kubonyezwa, ikabidi nivivute juu kwa kucha. Lakini nilishtuka nilipopiga sauti ya kwanza. Ilikuwa inakufa. Kwenye kinanda chetu, sauti inaishi mradi kidole kipo na mguu unakanyaga. Kwenye piano kibao kinashuka kama sentimita 1 tu, na kabla hakijafika chini nyundo imeshaachiwa. Inaruka peke yake, inapiga uzi, inaanguka. Tangu hapo sauti inaanza kufifia, na huwezi kuiongezea chochote. Unachoweza ni kuikata, au kuiweka inayofuata karibu nayo kwa namna itakayomfanya msikilizaji aamini kwamba zimeshikana mikono. Kazi yote ya kupiga piano kwa uzuri imo humo, na ningali nikijifunza.

Ujerumani nilikwenda kwanza kwa mwaka mmoja wa kujitolea, kupitia urafiki wa usharika wetu na usharika wa huko. Nilihudumia wazee katika nyumba yao, na kwenye chumba cha kulia kulikuwa na piano. Mtu mmoja akanisikia, akanipeleka kwa mwalimu, mwalimu akaniambia nijaribu mtihani wa kuingia chuo cha muziki. Mara ya kwanza nilishindwa. Mara ya pili nilipita, nikiwa na miaka 22, nikakaa darasani na vijana wa miaka 18 waliokuwa wamefundishwa piano tangu wana miaka 5.

Nilikuwa na kipaji kimoja kilichonisaidia mno, na ndicho kilichonimaliza jioni ile ya Novemba: vidole vyangu vilishika muziki haraka. Nikirudia ukurasa mara 20, mara ya 21 mikono ilikwenda yenyewe huku akili ikiwa jikoni kwa mama. Wenzangu walihangaika na nota wiki tatu, mimi wiki moja. Nilidhani huko ndiko kujua.

Do re mi niliiacha uwanja wa ndege. Wiki za mwanzo, katika darasa la kuimba nota, nilikuwa nikinong'ona do re mi ili nipate sauti, mwenzangu mmoja akacheka na kuuliza kama huko kwetu bado tuko chekechea. Ni neno dogo, la kijana asiyejua. Lakini nilikuwa mgeni, mweusi peke yangu chumbani, na nilikuwa na haraka ya kufanana na wengine. Sikunong'ona tena.

*

Jumanne baada ya tamasha lile nilikwenda kwa profesa wangu nikiwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Ni mama mtu mzima, mpole, mwenye mikono midogo kuliko yangu. Hakutaka maneno. Aliniambia niketi, nianze fuga kutoka kipimo cha 13.

Sikuweza.

Akaniambia nipige sauti ya katikati peke yake, tangu mwanzo. Nilipiga vipimo vinne, nikakwama, kwa sababu kidole kilichopaswa kuendelea kilikuwa kinangojea mkono mwingine ukiwashie njia. Akaniambia nipige yote, lakini polepole mara nne ya kawaida. Hapo niliona jambo la kutisha: kwa mwendo ule mikono haikujua lolote. Mwendo ndio uliokuwa unakumbuka. Ukiuondoa, ni kama kumwomba mtu aseme Baba Yetu kuanzia neno la 17.

Profesa akafunga kitabu, akasema kwa upole kwamba mikono yangu inaijua fuga hii, tatizo ni kwamba mimi sijajulishwa.

Nilirudi chumbani kwangu kwa miguu, nikiwa nimeukumbuka ubao uliofutwa.

Baadaye nilielewa ni kwa nini kumbukumbu ya vidole ni nzuri nyumbani na ni msaliti jukwaani. Inategemea mnyororo: tendo hili linaita lile. Jukwaani moyo unapiga mbio, viganja vinalowa, kiti si chako, piano si yako, mwanga unatoka upande mwingine. Kitu kidogo kikikatiza pete moja, mnyororo wote unaanguka, na hakuna pete nyingine ya kushika. Na kwenye njia panda, ambapo mwanzo ni uleule na mwisho ni tofauti, kidole hakina namna ya kujua kwamba hii ni safari ya pili. Hilo ni la kichwa.

Profesa alinirudisha nyuma hadi kwenye Invensheni, vile vipande vifupi vya sauti mbili ambavyo wanafunzi wenzangu walivipiga wakiwa watoto. Niliona aibu hadi niliposoma alichoandika Bach mwenyewe mwaka 1723 kwenye ukurasa wa mbele: kwamba ni vya kumfundisha mtu kupiga kwa usafi sauti mbili, kisha tatu, na zaidi ya yote kupata namna ya kupiga kama anayeimba. Kama anayeimba. Niliusoma mstari ule mara nyingi.

Zoezi alilonipa lilikuwa kuimba sauti moja kwa mdomo huku mikono ikipiga zilizobaki. Wiki ya kwanza nilitumia "la la la", nikapotea kila mara. Usiku mmoja, nikiwa peke yangu kwenye chumba cha mazoezi, hakuna wa kunisikia, nilifungua mdomo zikatoka herufi za mwalimu.

La se la mi fa, la se la ti, mi la se la ti, re mi fa mi re do.

Huo ndio wimbo wa fuga ile, wote. Katika C maina nyumbani ni la, na ile sauti iliyokaza chini ya la, kwaya zetu huiita se. Niliimba mara moja tu, nikaacha kupiga. Kisha nikaimba wimbo uleule kama unavyotokea kipimo cha 11: do ti do so la, do ti do re. Umbo lilelile, nyumba nyingine. Niliufungua ukurasa nikaweka kidole kwenye kipimo cha 9, nikafuata: huku tunaondoka la tunakwenda do. Nikaweka kwenye kipimo cha 22: huku tunatoka la, tunajifanya tunakwenda do, tunarudi la.

Basi. Miezi saba mikono yangu ilikuwa imepita pale mara mia kadhaa bila kuambiwa jambo dogo hilo. Nilichukua penseli nikaandika juu ya kipimo cha 9 herufi d, juu ya kipimo cha 22 herufi l. Ukurasa ule ninao hadi leo.

Tangu siku hiyo sipandi jukwaani na muziki nisioweza kuuimba. Kila kazi naigawa katika vituo, kumi au kumi na tano, na naweza kuanza popote. Naanza mazoezi na kituo cha mwisho, kisha cha kabla yake, hadi mwanzo, ili nikiwa kwenye tamasha kadiri ninavyochoka ndivyo ninavyoingia kwenye ninachokijua zaidi. Siku tatu kabla ya tamasha napiga kila kitu polepole sana, bila nota. Kinachobomoka hapo kilikuwa hakijajengwa. Na kwenye treni naketi mikono ikiwa mapajani, imetulia, napitia sonata nzima, muziki wa piano wenye sehemu kadhaa, kichwani. Nikifika mahali pa ukungu, najua nifanye mazoezi wapi jioni ile.

Mwaka wa tatu mishipa ya mkono wa kulia ilivimba kwa kuzidisha mazoezi, daktari akanikataza piano wiki 6. Nililia. Lakini katika wiki zile nilijifunza sonata moja ya Mozart bila kugusa kibao hata kimoja, kwa kusoma na kuimba tu, na nilipoketi nayo mara ya kwanza mikono ilihitaji siku 4. Tangu hapo siamini masaa. Ukiniambia unafanya mazoezi saa 8 kwa siku nitakuuliza ni dakika ngapi kati ya hizo ulikuwepo.

*

Jumamosi nilikuwa napanda treni hadi Leipzig, mwendo wa kama saa moja, kusikiliza kwaya ya wavulana ya kanisa la Mtakatifu Thomas saa 9 alasiri. Bach alikuwa mkuu wa muziki wa kanisa hilo tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, na kaburi lake limo ndani, mbele, kibamba cha shaba sakafuni na maua juu yake. Kutoka mji huohuo ndiko walikotumwa wamisionari wa Kilutheri walioingia Machame mwaka 1893. Siku moja watu waliimba ule wimbo wa Luther wa Mungu kuwa ngome, nikauimba kwa Kiswahili, sauti ya pili, kama mama. Mzee aliyekaa jirani yangu akageuka, akanisogezea kitabu chake tuangalie pamoja, kila mmoja kwa lugha yake.

Leipzig ndiko alikozaliwa mpiga piano Clara Schumann, mwaka 1819, na ndiye ninayemfikiria zaidi ninapowaza kazi hii. Alipiga katika ukumbi wa Gewandhaus akiwa na miaka 9. Alizaa watoto 8. Mumewe Robert, aliyetaka kuwa mpiga piano kabla ya kuumiza mkono, alifariki mwaka 1856, na Clara akailisha familia kwa matamasha, mji hadi mji, kwa treni za zama zile, hadi mwaka 1891. Yeye ni miongoni mwa waliotuletea desturi ya kupiga bila nota. Alipofanya hivyo Berlin mwaka 1837 wapo waliomwona mwenye majivuno, kwa sababu kuweka nota mbele ilikuwa ndiyo heshima kwa mtunzi. Leo imegeuka: ukiweka nota, kuna atakayedhani hukujiandaa. Lakini Sviatoslav Richter, mmoja wa wapiga piano wakubwa kabisa wa karne iliyopita, katika miaka yake ya mwisho alipiga akiwa na nota mbele na taa ndogo, ukumbi wote giza. Mimi naweka nota ninapoona inafaa, na sioni haya. Swali langu la kwanza kwa mwanafunzi haliko kwenye stendi ya nota. Namwambia aniimbie besi.

Kuhusu riziki nitasema kwa ufupi. Watu hudhani mpiga piano anaishi kwa matamasha ya peke yake. Wachache sana duniani wanaishi hivyo. Kazi yangu kubwa ni kuwasindikiza waimbaji na wapiga fidla, kufundisha, na matamasha ya peke yangu kama 10 kwa mwaka, mengi makanisani na kwenye kumbi ndogo. Tofauti na mpiga fidla, chombo changu sisafiri nacho. Nafika, nakuta piano ya watu: moja nzito kama mlango wa ghala, nyingine nyepesi hadi inaongea kabla hujaigusa, nyingine ina kibao kimoja cha kelele katikati kabisa ya sauti ninayoitegemea. Napewa nusu saa kuzoeana nayo. Hapo vidole vilivyokariri vinahangaika, maana vilikariri piano nyingine. Sikio linalojua linataka nini hufika haraka, na vidole vinalifuata.

Kusindikiza ndiko kulikonipa furaha ambayo sikuitarajia. Muimbaji akivuta pumzi, navuta naye. Akichelewa neno, mkono wangu umeshajua. Nililelewa kwenye kwaya, na kwaya ni kusikiliza jirani. Nashangaa nilichukua miaka mingi kiasi gani kuona kwamba nilikuwa na elimu hiyo tangu mwanzo.

*

Miaka miwili iliyopita nilikaa Machame miezi mitatu. Kinanda cha kukanyaga kimekufa, siku hizi kuna kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Mwalimu wa kwaya ana miaka 86. Nilimkuta kwenye kiti chake barazani, blanketi magotini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Wanasema unapiga muziki wa Bach."

"Ndiyo, mwalimu."

"Bila kitabu?"

Nikamweleza habari ya ukumbi ule wa Saksonia, yote, kwa mara ya kwanza kumwambia mtu wa nyumbani. Alisikiliza hadi mwisho. Hakunipa pole. Aliuliza kama nimeiandika kwa do re mi, nikamwambia herufi mbili tu ndizo nilizoandika. Akasema niandike yote, alete kwaya.

Niliiandika kwa usiku nne. Niliishusha, do ikawa B fleti ili sauti ya kwanza isipasuke, na mahali pachache nikapandisha besi oktavu moja. Walikuja watu 19: mama watatu waliokuwa wakiimba na mama yangu, vijana wa kwaya ya uinjilisti, wanaume wa besi waliotoka kuchuma kahawa. Tuliimba polepole mno, mwendo wa kuandama jeneza, la se la mi fa, sauti baada ya sauti. Wiki nzima ilikwenda kwenye vipimo 8 vya kwanza. Wiki ya tatu tulifika mwisho, na mmoja wa wale mama akakaa chini akasema hajawahi kuona wimbo unaojikimbiza wenyewe namna hii.

Jioni iliyofuata mwalimu aliletwa kwa pikipiki. Tulimwimbia mara mbili, ubao ukiwa mbele yetu. Kisha akaomba kitambaa kibichi, na kwa kuwa hakuweza kusimama muda mrefu, nilimshika kiwiko akiufuta, kutoka kushoto hadi kulia, herufi zote.

Tukaanza. Kipimo cha 9 tulikwenda do, vizuri. Cha 11, vizuri. Giza lilikuwa linaingia na mtu akawasha taa. Kwenye kipimo cha 22 besi wakateremka, wakaenda do, sauti ya kwanza ikawafuata, na kwaya nzima ikawa kwenye mwanga tuliokwisha kuupita.

Mwalimu aliinua mkono.

"Hapo ni la," akasema. "Rudini. Besi, peke yenu."